Mlango wa Mikono Mitano

Bagamoyo, Mfunguo Sita, mwaka 1302

Kwa dada yangu mpenzi Ashatu, huko Mkange,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili umfikishie shemeji Mwalimu, na ya tatu uwagawie jirani wote waliokesha wakinipigia vigelegele. Hali yako? Kifua cha shemeji kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi la chuoni? Na yule mbuzi wako mkorofi anayekula ukili wa kushonea mikeka, yu hai, au umekwisha mchinja kwa hasira? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mimi hasa sijambo kupita kiasi, hata naona haya kidogo kuiandika furaha yangu, nisije nikaonekana nimelewa.

Ama baada ya salamu, najua umekuwa ukiisubiri barua hii tangu nilipovuka Wami. Uliniusia nikuandikie kweli, si asali. Basi nivumilie, dada, maana kweli yenyewe ina asali.

Siku uliyonifunga leso ulininong'oneza kwamba huyu Rehani ni mtu mwema ila mikono yake haitulii. Akiona ubao ataugeuza, akiona msumari atauokota. Ulisema kweli, lakini hukuijua nusu yake. Wewe ulimwona kama mfanyabiashara wa kamba na mikeka anayekuja Mkange kununua kwa wanawake na kuwauzia wapagazi wafungie mizigo ya bara. Hayo ndiyo yanayomlisha. Anachokipenda ni magari. Chakula chake chote kinatoka kwenye vichwa na mabega ya watu, na moyo wake wote uko kwenye magurudumu. Si kazi, dada, hapati hata pesa moja kwayo. Ni mapenzi tu, kama wengine wanavyopenda njiwa au kucheza bao.

Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba hii niliinama kutafuta mtalawanda wangu, kiatu cha mti, uvunguni mwa kitanda, nikakutana na gurudumu. Nikapiga kelele. Rehani akaja mbio, akapiga magoti, akalitoa, akalifuta vumbi kwa kanzu yake nyeupe, akanieleza kwa adabu kubwa kwamba ni la mbele, la kushoto. Kana kwamba ananijulisha kwa shangazi yake! Nilicheka mpaka machozi. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kwa moyo wote. Kabla ya hapo nilimpenda kwa kukutii wewe.

Magurudumu mengine yalikuwa ukumbini, mengine yameegemea mlango wa choo, pamoja na rukwama bovu la kusukuma kwa mkono. Na uani, baina ya kisima na jiko, lilikuwapo gari lenyewe, gari la farasi kutoka Unguja, ambalo Rehani alilinunua mnadani likiwa limevunjika mhimili na kiti chake cha ngozi kimeliwa na panya. Lilikuwa limefunikwa jamvi, na kuku walitaga ndani. Farasi hakuna. Rehani anasema atalifungia punda mweupe wa Kimaskati, siku moja, Mungu akipenda. Sokoni wanamwuliza kila asubuhi kama farasi wake amekwisha zaliwa. Yusufali, Bohora mwenye duka la vyuma, humwambia mbele za watu kwamba yeye ndiye mteja wake bora na pia ndiye mwendawazimu wake bora. Rehani hucheka nao, kisha anarudi nyumbani na msumari mwingine.

Asiyecheka alikuwa mama yake, Bi Mwajabu. Usimfikirie vibaya mavyaa wangu. Ni mwanamke msafi, mwenye swala zake, na mchuzi wake wa papa ungekufanya umsahau wa kwako. Lakini ua ule ndio dunia yake yote. Tangu alipofiwa na mumewe hatoki ila kwa maziko na harusi. Na humo mote alimokuwa akipita kwa raha, sasa anaruka mihimili. Alipogundua kwamba mafuta yake ya nazi, aliyoyakamua mwenyewe kwa ajili ya wali, yamekwenda kulainisha gurudumu, alikata shauri. Alisema Mfunguo Sita ndiyo zamu ya nyumba yake kusoma Maulidi, na wanawake wa mtaa mzima watakaa uani humu. Siku ile ikifika na magari hayajapata kwao, atawaita watu wa tanuri la chokaa waje wayachukue yote yakawe kuni. Na hakuwa na mzaha. Siku ileile alikwenda hadi kizingitini akawauliza wanapita lini.

Rehani hakula usiku ule. Kwa muda mrefu alikuwa akiota kujenga karakana kule mwisho wa ua, penye ukuta wa makuti unaopakana na kichochoro. Kila mara alikuwa akiahirisha, maana kila alipoipanga kichwani kitu kimoja kiligongana na kingine. Basi mimi, dada, nikamwambia tuipange pamoja.

Nawe unajua nilivyokuwa. Mikono imejaa hina hadi viwiko, nimepakwa singo ya kunukia, nimekatazwa kushika mwiko wala kuteka maji mpaka hina ifutike yenyewe. Elimu yote aliyonipa shemeji, nahau na hesabu na mirathi, ilikuwa imekaa bure kitandani inafukizwa udi. Nikamtuma Rehani aniletee vyombo vya jikoni. Akavileta bila kuuliza, Mungu ambariki. Tukatandaza shuka, nikasema shuka hili ni karakana. Kinu kidogo cha viungo kikawa fuawe ya kufulia chuma. Mbuzi ya nazi ikawa meza ya useremala. Kawa likawa gari, nyungo zikawa magurudumu, na kikombe cha maji kikawa kisima. Chetezo changu cha udi kikawa tanuri la kuchomea chuma.

Tulikaa hivyo asubuhi nzima tukisukuma vyombo, vichwa vyetu vikigongana. Yeye alitaka meza iwe ndani kabisa, nami nikamwambia atapiga randa gizani, ailete karibu na mlango ipate jua la asubuhi. Alitaka magurudumu yalale chini, nikamwambia yatundikwe ukutani kwa vigingi, kama tunavyotundika nyungo, sakafu ibaki wazi ya kutembelea. Akanifundisha kwamba pete ya chuma ya gurudumu huvishwa ikiwa ya moto, kisha humwagiwa maji upesi isiunguze mti, ikajikaza. Kwa hiyo tanuri, mahali pa kulaza gurudumu na kisima lazima viwe jirani, kama mafiga matatu. Mimi nikauliza habari ya moshi. Yeye alikuwa ameufikiria upepo wa kaskazi uliopo sasa, akasahau kwamba kusi itakuja na moshi wote utahamia jikoni kwa mamaye. Nikawasha udi ndani ya chetezo, nikafungua dirisha, tukawa tunakihamisha huku na huku tukiangalia moshi unakwenda wapi, mpaka tukapata pembe ya upande wa bara ambayo haimwudhi mtu kwa kaskazi wala kwa kusi. Shuka lile ulilonipa la harusi lina tundu dogo la moto, dada. Nimelitia kiraka. Silijutii.

Hapo ndipo mavyaa alipoingia akitafuta mbuzi yake ya nazi. Alitukuta tumekaa juu ya kitanda cha harusi, mimi na mwanawe, tumezungukwa na nyungo. Akauliza haya ni mapenzi ya namna gani. Rehani akaona fursa, akamweleza mpango wote, kitu kwa kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema masharti yake ni mawili. Mwanamume mgeni asikanyage ua wake, watu waingie karakanani kwa kichochoroni. Na ua wake usionekane nje. Rehani akamwambia ndiyo maana atavunja makuti yote na kujenga ukuta wa mawe wenye mlango mmoja. Mavyaa akaligeukia dirisha. Akauliza, makuti yote? Toka pembe hata pembe? Akajibiwa ndiyo, yote. Akachukua mbuzi yake akaondoka.

Mimi nilijua kwa nini aliuliza. Nyuma ya yale makuti ni kichochoro, na mbele ya kichochoro ni njia ya misafara. Zikisikika ngoma na baragumu za watu watokao bara, mji mzima hukimbilia barabarani, ila Bi Mwajabu. Yeye huenda kuangalia kuku wake kule mwisho wa ua. Siku moja alirudi kutoka kwa kuku, nikaona kipaji chake cha uso kimechapwa mistari ya makuti, safi kama mkeka. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwuliza habari za kuku.

Mwashi alikuwa Sadallah. Utamjua hata ukimwona kutoka Saadani. Ni mrefu kama mnazi, na mikono yake akisimama inafika karibu na magoti. Alitaka kujua upana wa mlango. Rehani alikuwa dukani, na Sadallah asingeweza kuingia uani kupima gari, basi nikalipima mimi, kwa mkono wangu, toka kiwiko hata ncha ya kidole, kama ulivyonifundisha kupima ukili. Gari na nafasi ya kupitia bila kukwaruza likawa mikono mitano. Rehani akaenda akamwambia Sadallah, mikono mitano, akarudi dukani. Sadallah akanyosha mkono wake, akapima mitano, akachimba msingi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la chumbani, nyuma ya pazia, nikitazama pale makuti yalipokwisha anza kufunguliwa.

Ukuta ulipopanda kufika kifuani, Rehani akarudi kutoka dukani akaona mlango umeachama kama kinywa cha kiboko. Gari lingepita na kando yake pangebaki nafasi ya mtu kukaa. Ukasikika ugomvi! Rehani akapima, akasema ni zaidi ya mitano. Sadallah akapima, akaapa ni mitano kamili, akamwuliza Rehani kama anataka mikono ya mtoto. Yusufali, aliyekuja kuuza bawaba, akasimama katikati yao akicheka mpaka kilemba kikamteremkia sikioni. Alisema ndiyo sababu yeye dukani hupima kila kitu kwa fimbo ya chuma. Angekuwa anapima kwa mkono angemwajiri mtu mfupi wa kuuza na mtu mrefu wa kununua. Chokaa ilikuwa imekwisha kushika, mawe yaliyobaki yalitosha kuumalizia ukuta tu, na Maulidi yalikuwa yamekaribia.

Wanaume wale walipoondoka, mavyaa akatoka jikoni. Alitazama lile pengo, akatazama kichochoro kinavyoingia mpaka kwenye kisima chake. Akasema basi, ahadi ni ahadi, ua umekuwa soko, kesho watu wa chokaa waje. Akaongeza kwamba ni jambo jema, chokaa ya kuziba pengo la Rehani itachomwa kwa magurudumu ya Rehani. Lakini dada, alipokuwa akiyasema hayo hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, kama mtu aliyegonga mlango anayesubiri kufunguliwa.

Rehani alikaa juu ya rukwama lake bovu, kofia mkononi. Nilipomwona ameuweka mkono wake juu ya lile gurudumu la mbele, la kushoto, kama anayeliaga, moyo wangu ulikatika. Nikatoka ndani, hina yangu na singo yangu, nikamwambia mavyaa kwa heshima zote anipe mpaka kesho magharibi. Nikasema njiti zote za magurudumu yaliyovunjika, ambazo zingekwenda kuni, zisimamishwe katika lile pengo kando ya mlango, moja karibu na nyingine, ziwe kimia. Aliye ndani ataona nje, aliye nje hataona ndani. Mavyaa akauliza kama mti mbovu waweza kusitiri ua wa mtu. Nikamwambia tujaribu. Akasema haya, mpaka magharibi ya kesho, na huyo mwashi asirefushe mkono tena.

Tulifanya kazi sisi wawili. Yeye alitoboa kwa keke, mimi nikapachika njiti na kuzipaka mafuta ya papa zisiliwe na mchwa. Usinikemee, dada. Najua ulisema bibi arusi asishike hata ufagio. Hina yangu ilikwisha mchana mmoja, na harufu ya singo ikashindwa na papa. Rehani aliniambia mbele ya gari lake kwamba sijapata kunukia vizuri hivyo. Utasema ni mwongo. Mimi nilimwamini.

Nyuma ya kimia, kwa vipande vya mawe vilivyotupwa na mwashi, tulijenga kibaraza kidogo cha mtu mmoja. Rehani aliuliza cha nini. Nikamwambia ni cha kuushikilia ukuta.

Kesho yake kabla ya magharibi mavyaa akaja kukagua. Alitoka nje kichochoroni akiwa amejitanda, akachungulia, akarudi, akakiri kwamba haonekani hata kuku. Kisha akasema lazima ajaribu na kwa ndani. Akakaa kwenye kibaraza. Wakati ule msafara ulikuwa ukiingia kutoka bara, ngoma mbele, pembe za ndovu mabegani, watu wamejipaka mafuta wamevaa nguo zao za kuingilia mji. Sisi tulisimama nyuma yake tukisubiri hukumu. Msafara ukapita wote. Wakapita wauza samaki. Akapita mke wa Yusufali na mwavuli. Adhana ikalia, na mavyaa bado alikuwa akijaribu.

Watu wa chokaa walipokuja, yeye mwenyewe aliwafukuza kupitia kimia, bila wao kumwona, wakadhani ukuta umesema nao. Siku ya pili alileta mkeka wake. Siku ya tatu akaleta sahani ya tambuu na kikatio chake cha popoo. Sasa habari zote za mji sisi ndio wa kwanza kuzijua: nani kanunua changu waliooza, nani anapita kichochoro hiki mara nyingi kuliko inavyompasa. Juzi alimkemea Rehani kwa kuliegesha gari mahali linapomzibia upepo, na katika kukemea kwake aliliita "gari letu". Na siku ya Maulidi, wanawake wa mtaa walikaa uani kwa nafasi tele, magurudumu yakiwa yametundikwa safi kama nyungo, na baada ya dua walipanga zamu ya kukaa kwenye kibaraza. Wengine walikosa pilau kwa kungoja zamu yao.

Sasa, dada, nikuambie jambo ambalo Rehani halijui. Siku ile dirishani nilimwona Sadallah akinyosha mkono wake. Mimi ni mwanafunzi wa shemeji. Niliona mkono wa kwanza, nikajua mitano itafika wapi. Ningeweza kupiga kofi, ningeweza kumtuma mavyaa. Kamba zilikuwa bado chini, jiwe hata moja halijawekwa. Lakini nilikumbuka ile mistari ya makuti kwenye kipaji chake, na kwamba kesho makuti hayatakuwapo. Nikaufunga mdomo wangu. Nilicheza na magari ya mume wangu mpenzi kama mtu anayetupa karata yake ya mwisho, na siku ile aliyoketi juu ya rukwama nilidhani nimeyapoteza.

Na bado hujasikia. Jana alasiri tulikuwa peke yetu karakanani, mavyaa na mimi, Rehani yupo dukani. Alikuwa akikata popoo. Bila kugeuza uso kutoka kwenye kimia, aliniambia kwamba siku Sadallah alipokuwa akipima, yeye alikuwa nyuma yangu, amekuja kunipa uji, akasimama na bakuli mpaka uji ukapoa. Alisema alikuwa akingoja aone kama nitasema. Nikamwuliza, kama mimi nimenyamaza, yeye kwa nini hakusema? Akanitilia tambuu mkononi, akaniambia, "Mwanangu, mkono ule ulikuwa ni wa Sadallah. Mimi na wewe tumepima nini?"

Tukacheka, dada, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Rehani aliporudi akatukuta tumeshikana mabega, akauliza kuna nini. Mavyaa akamwambia aende akanawe. Kila baada ya swala mume wangu humshukuru Mungu kwa mkono mrefu wa Sadallah, nasi tulio nyuma yake huitikia amina, kwa sauti moja.

Nisalimie shemeji, lakini hili la dirishani usimsomee. Ataniambia nimeitumia hesabu yake vibaya. Wasalimie Mkange yote, mkubwa kwa mdogo. Mavyaa anakusalimu, anasema ukija atakupa kibaraza siku nzima, zamu isikuhusu. Anayekuletea barua hii ni mtu wetu wa mikeka. Mpe ukili mwekundu, na utakapoupima, tafadhali mwambie umeupima kwa mkono wa nani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyekosa hina na kupata kila kitu kingine,

Mardhiya, mke wa Rehani